Mshale Kwenye Sita

Ijumaa, tarehe 20 Desemba 2019. Alfajiri ukungu ulishuka juu ya Bidiya ukavimeza vilima vyote vya mchanga, na umande ulikuwa mwingi kiasi kwamba matone yalidondoka kutoka ukingo wa bati la gereji yangu kama mvua iliyochelewa. Baridi ilinifanya nivae koti juu ya kanzu.

Siku ya Ijumaa huwa sifungui gereji. Lakini alasiri kulikuwa na shindano la kupanda kilima cha mchanga kwa gari, na mpwa wangu Harib, mtoto wa dada yangu, alikuwa ameniachia gari lake nilikague mara ya mwisho. Baada ya sala ya alfajiri nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja, dua za asubuhi zikiwa bado mdomoni.

Kazi yangu ni kufunga supachaja. Ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe, nayo huilisha injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuivuta kwa pumzi zake. Hewa ikiongezeka na mafuta yakaongezeka, gari lililoshindwa na kilima jana hukipanda leo. Lakini hewa ikibanwa hupata moto, na ikibanwa kupita kiasi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado njiani kupanda. Hapo injini hugonga, kama mtu anayepiga bomba kwa nyundo ndogo. Ikigonga sana, pistoni hupasuka. Kwa hiyo injini iliyotoka kiwandani, ambayo ndani yake hakijabadilishwa kitu, mimi siipi zaidi ya paundi sita za presha. Wapo mafundi wanaotoa nane. Wapo wanaotoa kumi, kisha wanamwombea mteja dua. Mimi ni sita. Ndiyo maana watu wananiita Humaid Sita, mpaka wageni wanadhani Sita ni jina la babu yangu.

Nilifungua boneti ya gari la Harib, nikaenda rafuni kuchukua geji yangu ya presha. Geji hiyo niliinunua mwezi wa Machi, baada ya ile ya zamani kuanguka na kuvunjika. Dereva mmoja wa lori aliniletea kutoka Sharja. Niliipenda kwa sababu tarakimu zake ni kubwa: mbili, nne, sita, nane, kumi. Macho yangu si ya ujana tena.

Kioo chake kilikuwa na ukungu. Nikakifuta kwa pindo la kilemba. Chini ya tarakimu, karibu na ukingo, kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nilikuwa nimeyaona kila siku kwa miezi tisa, kama mtu anavyouona ufa wa ukuta wa nyumba yake. Asubuhi ile, kabla sijakusudia, midomo yangu ilianza kuyasoma.

Inafaa niseme kwamba tangu Septemba nasoma masomo ya jioni. Nina miaka hamsini na minne. Utotoni nilichunga ngamia. Herufi za Kiarabu nilizipata kwa Kurani, za Kizungu sikuzijua kabisa. Jumanne iliyopita mwalimu wetu, Ustadh Bakhit, ambaye ni mdogo kuliko binti yangu mkubwa, alitugawia karatasi ya vipimo: urefu, uzito, joto, presha. Alitwambia tuiweke mfukoni tuisome popote tulipo. Nilikuwa nayo mfukoni.

Maandishi yale yalisema kilopaskali. Pembeni palikuwa na alama ya kuzidisha, na kumi.

Nikaitoa karatasi. Paundi moja ni karibu kilopaskali saba. Nikachukua chaki nikaandika juu ya meza ya kazi. Sita mara kumi, sitini. Sitini gawanya kwa saba. Nane, na inabaki nne. Nikafuta, nikagawanya tena. Sikuwa hodari wa kugawanya, na kwa mara ya kwanza niliushukuru udhaifu wangu, nikatumaini nimekosea. Ikaja nane tena, na nne ileile.

Mshale uliposimama kwenye sita, injini ilikuwa inapewa paundi nane na nusu.

Jirani yangu Rajan, mtu wa Kerala anayeshughulika na matairi, alikuwa amefungua mapema, maana wapanda vilima hupita kwake kujaza na kupunguza upepo. Nilimpelekea geji.

"Baba Humaid, Ijumaa hii? Umefukuzwa nyumbani?"

"Nisaidie kitu kimoja. Unganisha geji hii na yako kwenye bomba moja, kisha tia upepo polepole."

Hakuuliza sababu. Alitafuta kiungo chenye njia tatu, akafunga yangu huku na yake kule, akafungulia kompresa kidogo kidogo. Mshale wangu ukapanda. Mbili. Nne. Sita.

"Simama hapo. Yako inasema ngapi?"

Akainama. "Nane na nusu. Na unywele mmoja."

"Yako mbovu."

"Hii? Hii ndiyo naipimia matairi ya basi la shule. Ingekuwa mbovu tungeshasikia zamani." Akafungua droo, akatoa nyingine mpya, bado imo ndani ya plastiki yake. Tukarudia. Nane na nusu. Rajan akacheka. "Sasa tukuiteje? Humaid Nane na Nusu? Refu hilo, halitaenea kwenye kibao." Kisha akaniona uso, akazima kompresa. "Samahani, baba. Kaa kidogo. Nikupe chai?"

Sikukaa. Nilirudi gereji, na pale mlangoni ndipo nilipokumbuka puli.

Supachaja huendeshwa kwa puli, gurudumu dogo linaloshika mkanda. Ukiifunga puli ndogo, pampu huzunguka haraka na presha hupanda. Ukifunga kubwa, hushuka. Kwa miaka mingi nilitumia puli ya ukubwa mmoja, na geji ya zamani ikasema sita. Ilipokuja geji mpya, puli ileile ikasema nne. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema, mbele ya wateja, kwamba pampu za siku hizi zimekuwa dhaifu, watu wa viwandani hawamchi Mungu. Nikaagiza puli ndogo. Mshale ukapanda hadi sita, nami nikaridhika. Magari kumi na moja niliyafungia puli hiyo.

Tisa kati ya hayo yalikuwa bado hayajapata tatizo. La kumi ni la Harib. La kumi na moja lilikuwa la Marhun.

Marhun ni mtu wa upande wa mashariki wa mji, mfugaji wa ngamia, mkimya. Mwezi wa Juni, siku ya joto kali, injini yake ilipasuka katikati ya kilima. Tuliifungua tukakuta pistoni mbili zimevunjika kingo, vipande vimo kwenye mafuta kama maganda ya mayai. Ijumaa iliyofuata alikuja kwenye sabla ya Dhiyab, ukumbi tunamokutana wanaume baada ya sala, akasema mbele ya watu wote, "Humaid alinipa zaidi ya sita. Gari lilikuwa na nguvu zisizo za kawaida." Nami nilisimama, nikainua mkono, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba mshale ulisimama kwenye sita. Nikaongeza kwa ulimi wangu huu: "Ikiwa imepasuka, basi puli uliibadilisha wewe."

Watu wakamgeukia. Jina langu lilikuwa zito kuliko lake. Aliweka kikombe chini, akavaa viatu, akatoka. Hajarudi tena kwenye sabla ile, na kilimani hajaonekana.

Nilitandika mkeka nyuma ya kompresa nikasali rakaa mbili. Niliomba msamaha, halafu nikaomba nisipewe kisingizio. Visingizio vilikuwa vimeanza kuja hata kabla sijatoa salamu. Sikujua. Geji ilinidanganya. Kiapo cha asiyejua hakina dhambi. Yote hayo yalikuwa kweli, na hata moja halikumrudisha Marhun kwenye nafasi yake ukumbini.

Nikainuka, nikalegeza mkanda wa gari la Harib, nikaitoa puli ndogo, nikafunga ile kubwa ya zamani. Kazi ya saa moja. Nilikuwa nakaza nati ya mwisho Harib alipoingia, kijana wa miaka ishirini na sita, amevaa miwani ya jua na jua lenyewe bado limo ndani ya ukungu.

"Mjomba, nimeota nimefika juu!" Akaiona puli juu ya meza. "Hii ni ya nani?"

"Yako."

"Yangu inafanya nini hapo?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha maandishi, chaki, karatasi. Alivua miwani, akayasoma yale maandishi kwa sekunde moja, bila taabu, kama mtu anavyosoma kibao cha duka.

"Sasa mjomba, kwa miezi yote hii hukuniuliza? Mimi ningekusomea."

"Ningekuuliza nini, Harib? Sikujua kama pana la kuuliza."

Akaanza kuzunguka gari. "Sawa. Lakini gari limepanda kwa nane na nusu miezi mitatu na halijavunjika. Leo ni baridi, injini inapenda baridi. Nirudishie puli yangu."

"Kwenye baridi hewa ni nzito. Pampu inameza hewa nyingi zaidi kwa mzunguko uleule, na kiasi cha mafuta tulikipima mwezi wa tisa wakati wa joto, hakitatosha. Unaweza kupanda ukafika. Unaweza kupanda ukamaliza injini. Nikikurudishia sasa, itakuwa nimekupa nikijua."

"Umenikata miguu, mjomba. Watu watacheka."

"Watacheka."

"Na wengine? Leo wanapanda watatu wengine uliowafungia wewe."

"Nitawaambia kwenye sabla baada ya sala ya Ijumaa. Na Marhun nitamwomba aje."

Hapo ndipo alipofadhaika kweli. Alisogea karibu, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Mjomba, sikiliza. Sema Jumapili. Waite mmoja mmoja, waambie unakagua puli bure, badilisha, kwisha. Marhun mpe injini kimyakimya, mwambie ni zawadi. Kwa nini ujivue nguo mbele ya watu? Watu wanakuja kwako kutoka Sur, kutoka Ibra, kwa ajili ya hilo sita tu. Ukishasema, huna gereji. Una banda la bati."

"Na nikisema Jumapili, leo alasiri injini ya mmoja wao ikipasuka juu ya kilima, gari likarudi nyuma?"

Alichukua ufunguo, akawasha gari, akaondoka bila kuaga. Mlio ulikuwa mpole kuliko wa jana. Niliusikia mpaka barabara kuu, na nilijua kwamba yeye pia anausikia.

Baada ya sala ya Ijumaa sikwenda sabla moja kwa moja. Kwetu neno lililosemwa ukumbini haliondolewi mlangoni kwa mtu; aliyelisema hurudi palepale, na aliyeumizwa awepo. Nikaendesha hadi kwa Marhun. Nilimkuta zizini anawamwagia ngamia majani makavu. Gari lake lilikuwa kwenye kona ya ua, limefunikwa turubai, na mchanga umepanda hadi nusu ya magurudumu.

Alinitazama, akaendelea na kazi. "Amani iwe juu yako, Mzee Sita. Leo umekuja kuniapia nini?"

"Sikuja kuapa. Nimekuja kukwambia ulisema kweli."

Aliacha kumwaga. Nikamweleza yote, nimesimama, yeye ameshikilia gunia. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Nane na nusu?"

"Na zaidi kidogo."

"Siku ile nilirudi nyumbani," akasema, "mke wangu akaniketisha akaniuliza: Marhun, mimi ni mkeo, niambie ukweli, uliigusa puli? Mke wangu, Humaid! Alikuamini wewe. Nikasema sikuigusa. Akasema sawa. Lakini ile sawa yake niliijua." Akatupa gunia juu ya ukuta. "Na wewe umekuja zizini kuniambia mbele ya ngamia."

"Ngamia hawatoshi. Ndiyo maana naomba uje sabla, sasa hivi, kabla watu hawajaenda kilimani."

"Sina haja ya kahawa ya Dhiyab."

"Usinywe."

Akaenda kunawa mikono. Alikuja na gari la nduguye, nyuma yangu, na njia nzima nilikuwa natazama kwenye kioo kuona kama atakata kona.

Sabla ilikuwa imejaa. Wapandaji walikuwa wamekaa upande mmoja, wamebaki na soksi, viatu vyao vya kilimani wameviacha mlangoni malundo malundo, na Dhiyab mwenyewe, mnene na mcheshi, alikuwa anamimina kahawa. Marhun alipoingia, mazungumzo yakakatika. Wale waliokaa karibu na mlango wakasogea kumpisha. Hakuna aliyemtazama usoni.

"Karibu, karibu," Dhiyab akasema haraka. "Miezi sita, Marhun! Tulidhani umeoa Sur."

Watu wawili wakacheka. Marhun akakaa. Dhiyab akampa kikombe. Marhun akakipokea, akakiweka chini mbele yake, hakukinywa. Kila mtu ukumbini aliona. Mgeni akiacha kahawa namna hiyo, ana ombi, na hatakunywa mpaka apewe neno.

Nikasimama mahali palepale niliposimama Juni. Nilikuwa nimeshika geji. Nikasema jinsi ilivyokuwa, bila kuipamba: maandishi, sitini, geji mbili za Rajan, puli. Nikasema, "Siku ile niliapa humu. Mshale ulikuwa kwenye sita, lakini presha haikuwa sita. Marhun hakugusa puli. Aliyeipasua injini yake ni mimi, na aliyemwita mwongo ni mimi. Na ninyi watatu mnaopanda leo, na wengine sita wasiokuwapo, magari yenu yana nane na nusu."

Kelele zikapanda. Mmoja wa wale watatu, kijana aitwaye Ghanim, aliinuka. "Ina maana nimekuwa natembea na bomu, na baba yangu amekaa kiti cha mbele?"

"Kwa barabarani halina hatari kubwa. Kwa kilima, ndiyo."

"Na sisi tunajuaje kama hesabu ya leo ndiyo sahihi?" akazidi Ghanim. "Umesoma miezi mitatu, Humaid. Usubiri umalize darasa la nne ndipo utwambie mengine!"

Wakacheka, na cheko lile lilinifika. Mtu mwingine akasema, "Geji na mwenye geji, wote wapimwe upya." Walikuwa na haki ya kucheka.

Hapo Harib akazungumza kutoka mlangoni. Sikujua kwamba amekuja. "Puli yangu kaibadilisha asubuhi," akasema, uso umefungana bado. "Nimepita na gari barabara ya Sur. Halina ile kasi. Kwa hiyo ni kweli. Nitapanda na sita, nikiishia nusu ya kilima, nitaishia nusu. Ghanim, ukitaka kucheka, tucheke kesho injini yako ikiwa nzima."

Ghanim akakaa.

Dhiyab aliweka birika chini. Akamgeukia Marhun, na sauti yake ilikuwa na aibu. "Marhun, siku ile mimi niliyekuwa mwenye nyumba sikukutetea. Kahawa yako inapoa. Sema unachotaka."

Marhun alinitazama muda mrefu. "Injini nataka," akasema. "Lakini si injini tu. Gari langu limekaa chini ya turubai nusu mwaka, kila anayepita anasema lile ni gari la mwongo. Nataka watu waone mkono wako ndani yake, mchana, mlango wazi. Na nataka mtu mwingine yeyote akifungiwa supachaja na wewe, asiambiwe tu ni sita. Aone mwenyewe. Hayo nipe kwa mdomo wako, mbele yao."

Nikatazama geji mkononi mwangu, kisha wao. Msimu wa vilima ndio kwanza umeanza, na kila mtu mle ndani alijua mtu akiacha kazi sasa anaacha nini. Moyoni nikasema, ewe Mola, nishike ulimi usizidishe wala usipunguze.

"Leo siapi," nikasema. "Niliapa humu mara moja, inatosha. Naahidi tu, na Mungu anasikia, na nyinyi mnasikia. Marhun, kesho asubuhi nitakuja mwenyewe kulivuta gari lako. Nitaliweka mbele kabisa ya gereji, mlango wazi, na sitamfungia mtu yeyote supachaja mpya mpaka injini yako iwake na wewe mwenyewe ulipande gari. Ghanim, na ninyi wawili, puli zenu nazibadilisha sasa hivi kabla hamjapanda, na wale sita nitawafuata nyumbani kwao. Na kuanzia leo, kila gari nitakalolifunga litapimwa kwa geji mbili, mwenye gari akizisoma kwa sauti yake, na asiyejua kusoma nitamfundisha kwanza. Nikikiuka hata moja, niulizeni hapahapa, nikiwa nimesimama hivi."